Mto Mlangoni

Mtu huyu alinichosha. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nimekaa hapa kumsifu. Tulikuwa jirani wa ukuta mmoja katika nyumba za walimu pale Lindi, miaka ile ya ujamaa, mimi nikifundisha Kiswahili na yeye akifundisha sayansi. Sikumbuki wiki hata moja iliyowahi kupita bila yeye kuja mlangoni kwangu kutaka kitu. Akitaka sufuria, utampa. Akitaka pipa la maji, utampa. Akitaka wewe mwenyewe uache kusahihisha madaftari, uende ukamwambie mama mkwe wake kwamba jiwe la kushoto la tangi la samaki limesogezwa, utakwenda, kwa sababu ukikataa atasimama pale pale kizingitini, mikono nyuma, anakohoa.

Kikohozi kile hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa adabu. Mke wake alifariki kabla mimi sijahamia pale, hawakujaliwa mtoto, na aliyekaa naye nyumbani ni mama wa marehemu, bibi wa Kimwera wa upande wa Rutamba. Kwa watu wa kwa bibi yule, mkwe haangaliwi usoni, hasemeshwi, wala hukai naye chumba kimoja. Ukitaka kupita alipo, unakohoa kwanza ili ajifunike au aondoke. Mwalimu wa Sayansi, kama tulivyomwita sote, alikuwa mtu wa Kilwa, lakini heshima ya ukweni aliishika kuliko Wamwera wenyewe. Alikohoa akitoka, alikohoa akiingia, alikohoa akienda chooni uani. Wageni walimshauri akapime kifua.

Sasa watu wawili wasiosemezana wakikaa nyumba moja, lazima awepo wa tatu wa kubeba maneno. Huyo wa tatu nilikuwa mimi, na sikuombwa. Siku ya kwanza nilipita kuazima chumvi tu.

Na Kiswahili nacho kilinitesa, mimi niliyekuwa nakifundisha. Mkwe ni neno la pande mbili. Yeye ni mkwe wa bibi, na bibi ni mkwe wake. Nikiingia chumbani bibi ananiambia, "Mwambie mkwe." Nikitoka kwenda sebuleni mwalimu ananiuliza, "Mkwe amesemaje?" Nikirudi naulizwa tena, "Na mkwe kajibuje?" Siku nyingine nilijikuta nimesimama katikati ya nyumba sijui nimebeba maneno ya mkwe yupi nampelekea mkwe yupi. Ubaya zaidi, kati yao palikuwa na mlango mwembamba tu, na baadaye majamvi. Kila mmoja alikuwa ameshasikia yote kabla sijafungua mdomo, na bado waliningoja niyaseme.

Namna bibi alivyofika Lindi nayo ni habari ya kukutia wazimu. Ungemsikia Mwalimu wa Sayansi kwenye mkutano wa hadhara, usingeamini kuwa ni yule anayekohoa uani. Alikuwa msemaji. Watu walipotakiwa kutoka kwenye vitongoji vyao na kuhamia vijiji vya ujamaa kando ya barabara, walimu walitumwa kwenda kuwaeleza, na yeye akapelekwa upande wa Rutamba kwa kuwa ana ukwe huko. Akasimama, akaeleza habari ya maji ya bomba, shule na zahanati, kwa ufasaha mpaka watu wakapiga makofi. Mtu mmoja tu hakusikia hata neno. Mwalimu alipoinuka kusema, mama mkwe wake alijifunika kanga, akaondoka akaenda zake nyumbani. Angekaaje mahali mkwe amesimama anahutubia?

Siku ya kuhama majirani walimwambia, "Mama, twende." Naye akawajibu kwamba mkwe wake ni mtu wa serikali, kama lingekuwapo neno angemtumia mtu kumwambia. Mkwe wake naye hakutuma mtu, maana alijua mama alikuwapo mkutanoni, akadhani amesikia. Basi wote wakahama, nyumba zikaezuliwa, bibi akabaki peke yake kando ya mto wake na nguruwe wakimlia mihogo. Mwalimu alipopata habari alikwenda na lori. Wakarudi yeye akiwa mbele na dereva, bibi nyuma kajifunika gubigubi pamoja na wanawake wawili waliokwenda kumchukua, na hapakusemwa kitu mpaka Lindi.

Bibi hakumlaumu. Laiti angemlaumu, tungejua la kufanya. Alichofanya ni kufunga mzigo. Kila baada ya siku chache, asubuhi, nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyuma na fundo la kanga miguuni.

"Narudi kwangu, mwanangu."

"Kwako hakuna mtu tena, Bibi."

"Mto upo."

Na alikuwa anasema kweli kwamba angekwenda. Angepanda lori la korosho, angeshuka njia panda, angetembea. Kwa umri ule, peke yake, katika pori lenye simba, asingemaliza masika. Hilo tulilijua wote watatu. Basi nafungua fundo, narudisha vikombe na msahafu na ungo chini ya kitanda, naenda sebuleni kumwambia mwalimu kwamba mkwe alikuwa anaondoka. Ndipo siku moja akakohoa, akatazama dari, akatoa maneno yaliyoninyima raha miaka yangu yote iliyobaki pale.

"Mwambie mkwe mto nitamletea hapa."

Mtu mwingine akisema hivyo, amesema kwa kufariji tu. Huyu alianza kesho yake. Palikuwa na kabati la maabara lililoliwa na mchwa, akaomba vioo vyake, akaviunga kwa vyuma vya pembe na ile puti ya kushikia vioo vya madirisha, likatoka tangi refu la kutosha kulaza mtoto. Akaung'oa mlango wa ndani kati ya sebule na chumba cha bibi, maana bibi alikuwa na mlango wake wa kutokea uani, na tangi akaliweka pale penye uwazi juu ya madawati mawili. Juu na pembeni akatundika majamvi. Maji yakaja kwa madebe kutoka mtoni kwenyewe, na samaki ndani yake: perege wachanga, visamaki vyembamba vyenye mstari mweusi ubavuni, na kambale mmoja mdogo asiyependa watu. Abiria wa lori walilowa wakamtukana njia nzima. Yeye alikuwa anawaeleza habari ya hewa ndani ya maji.

Siku ya kwanza nilimketisha bibi mbele ya kioo. Akaangalia samaki, akatabasamu, na sikuwahi kumwona akitabasamu. Kisha akainua macho. Maji ni meupe, kioo ni cheupe, na upande wa pili, akiwa kainama ili aone kama mkwe amependa, alikuwapo Mwalimu wa Sayansi na fulana na tumbo lake lote. Bibi akajifunika, akageukia ukutani, akakataa chakula mpaka kesho yake. Mwalimu alikimbilia shuleni akashinda huko, na mimi ndiye niliyepelekwa huku na huku kuwaombea radhi.

Kwa hiyo tangi likahitaji mgongo, kitu cha kuziba upande wa nyuma. Kwa adabu, ili wakwe wasionane. Na kwa bibi, ili anapotazama samaki aone nyuma yao ukingo wa mto wake na asione jamvi. Unadhani ni jambo dogo. Mimi pia nilidhani.

Kwanza alichukua ubao akaupaka rangi ya mafuta, buluu na kijani, kama zile nguo zinazotundikwa studio nyuma ya wanaopigwa picha. Akaweka na mlima. Hakuna mlima kule. Bibi akatazama kwa muda, akaniambia kwa upole, kwa kile Kiswahili chake chenye Kimwera ndani, "Mwambie mkwe nimeiona nguo yake. Nzuri. Lakini mtoni hapana nguo."

Mara ya pili ndipo Ukilwa ulipomponza. Mtu aliyekulia katikati ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ukimwambia ukuta, hana mwingine kichwani. Akajenga ukingo wa mto wa Rutamba kwa mawe ya pwani, akaunganisha kwa chokaa, akasawazisha kwa kijiko changu. Akaacha na vidaka, vile vya kuwekea taa katika nyumba za zamani. Kazi ilikuwa safi, siwezi kusema vingine. Asubuhi samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Chokaa kilikuwa kimegeuza maji kuwa makali. Na huyu ndiye aliyekuwa akifundisha kidato cha pili habari ya chokaa na maji. Darasa lake lilikuwa jirani na langu, nilimsikia kila mwaka akigonga ubao kwa rula. Sikuweza kunyamaza.

"Mwalimu, chokaa si ndicho hicho unachofundisha?"

"Kile ni cha darasani," akasema.

Nilitaka kumpiga na debe. Lakini chumbani bibi alikuwa ameshafunga mzigo, na safari hii hakuketi ngazini, alikuwa amesimama. "Mwambie mkwe nimeuona mto wake," akasema. "Sasa narudi kwenye wangu." Nikafungua fundo, akalifunga. Nikalifungua tena, akalifunga tena, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Mwisho nikaukalia mzigo. Mwalimu mzima, nimevaa gauni la kazi, nimekalia vikombe vya watu na kengele ya shule inalia. Niliogopa. Nilijua siku hiyo nikiinuka, bibi anakwenda kufa porini.

Nyuma ya majamvi kikohozi kilikuwa hakikatiki. Kisha kikakatika, nikamsikia akisema taratibu, bila ile sauti yake ya mikutano, "Mwalimu, mwambie mkwe anieleze mto wake ulivyo."

Bibi alisikia, kama alivyosikia kila kitu siku zote. Halafu akaketi kitandani, akaanza kueleza, na mimi juu ya mzigo nikaanza kubeba maneno. Ukingo ni wa udongo mwekundu. Chini, maji yanapofika, ni mweusi. Upo mzizi wa mkuyu uliotoka nje ukapinda, wanawake hutundika nguo hapo. Upo mwamba bapa wa kufulia. Chini ya mwamba lipo tundu na ndani yake anakaa kaa, na huyo kaa watoto wote wa kitongoji wamewahi kumchokoza, na binti yangu, alisema bibi, naye alimchokoza akabanwa kidole. Nilipofika kwenye kidole, nikamsikia sebuleni akikisogeza kiti chake karibu na jamvi.

Basi mgongo wa tatu aliujenga kwa maneno ya mkwe wake, na ndio ulionimaliza. Alichanganya saruji na udongo mwekundu, akaipaka juu ya ubao na wavu, na ilipokuwa mbichi akaikandamiza kwa magome na majani ya kweli ili ibaki na alama zao. Saruji nayo ina ukali wake kama chokaa, na safari hii alikumbuka, kwa hiyo ukuta mzima ukalazwa ndani ya pipa langu la maji, akibadilisha maji kila asubuhi na kuyapima kwa karatasi zake za maabara. Masika yote nilikosa pipa. Maji ya mvua yakimwagika kutoka bati langu nayaangalia. Mizizi ilipaswa kuchemshwa ili itoe rangi na izame, ikachemshwa katika sufuria langu la pilau, na mwaka huo pilau la Maulidi lilitoka na rangi ya mkuyu. Wageni walikula wakasifu viungo.

Na kila kipande kilipita mbele ya bibi. Ilinibidi nimtoe nje, nimpeleke sokoni, nimpeleke kwa shoga zangu asiowajua, ili mwalimu apate nafasi ya kuingia chumbani kuona kazi yake kwa mbele. Maana upande wake yeye, sebuleni, aliona mbao na misumari tu. Tukirudi bibi anatazama, anatikisa kichwa. "Hapo si hapo." Nampelekea. "Mzizi uende juu." Nayapeleka. "Si juu hivyo." Ukiwaacha wawili hawa wangemaliza maisha yao kwenye mzizi mmoja, na nadhani wangeridhika.

Usidhani ni mtu wa uangalifu katika mambo yake yote. Ugali aliuunguza kila siku aliyojaribu. Mikutano ya walimu alichelewa, akaja na tope miguuni, kisha akatuhutubia juu ya kujitegemea huku amevaa saa ya jirani. Mwanafunzi akimletea jibu sahihi anamwambia, "Si sawa bado," na mwingine akimletea upuuzi anasema, "Tuone kwanza." Kuna siku ofisa mmoja wa elimu alikuja kukagua miradi ya shule, akasikia habari za lile tangi, akataka kuliona. Tulimpitisha uani. Akauliza kama samaki wale wanaliwa. Nikasema hapana. Akauliza mradi huo basi unazalisha nini. Mwalimu wa Sayansi, akiwa nje ya dirisha kwa sababu ya mkwe, akajibu kwa sauti ya mikutano kwamba unamzuia mtu asirudi porini. Ofisa akaandika kitu, hakurudi tena. Niliona aibu kwa niaba ya shule nzima, na pia niliona kwamba ni jibu la kweli.

Ukuta ulipowekwa mwishoni, na maji mapya, na samaki wapya, nilimketisha bibi pale pale. Akatazama. Hakutikisa kichwa. Akanyoosha mkono akaugusa kioo mahali penye mwamba wa kufulia, akauacha mkono hapo.

"Mwambie mkwe," akasema bibi, "kaa hayupo."

Nilikwenda kwangu nikajifungia. Mwalimu alikwenda Rutamba kutafuta kaa. Na siku chache baadaye niliona chini ya kitanda cha bibi vikombe vimepangwa, ungo umetundikwa ukutani, na kanga ya mzigo imevaliwa. Safari hii fundo sikulifungua mimi.

Baadaye nilihamishwa mkoa mwingine, nikakaa huko miaka mingi. Niliagana nao kwa ile ile njia, nikipeleka kwaheri ya mkwe kwa mkwe. Niliporudi Lindi nilikuja kwa harusi ya mdogo wangu, na sikuwa na nia ya kwenda kule. Miguu ilinipeleka. Mwalimu wa Sayansi alikuwa amestaafu na kuhamia nyumba ndogo nyuma ya soko, na nilipokaribia mlango sikusikia kikohozi. Nilisikia watu wawili wanabishana.

"Wamejificha chini ya mzizi," alisema mmoja.

"Mwongo wewe. Jua lote hili wakae chini ya mzizi? Hebu tazama kwenye mwamba."

"Ehe, na kwenye mwamba wapo wawili."

"Unaona sasa."

Nikapiga hodi, nikaingia. Walikuwa chumba kimoja. Bibi, mdogo kuliko nilivyomwacha, ameketi kwenye mkeka, macho yake meupe yote mawili. Mwalimu wa Sayansi ameketi hatua chache kutoka kwake, mzee mwenye mvi, uso kaugeuzia kwenye tangi. Nikatoa shikamoo, wakaitikia marahaba kwa pamoja, nikashindwa hata kuketi.

Alinieleza mwenyewe, bila kuona ajabu. Macho ya mkwe yalikwisha, mimi nilikuwa nimehama, na hapakuwa na mtu wa kumwambia mto unaendeleaje. Haya ya wakwe ni ya macho, akasema, na mkwe haoni. Basi akaingia, akaketi, akaanza kumweleza. Kila siku, baada ya chai. Nikaona hasira ikinipanda, ile ile ya zamani. Miaka yote nimekimbia kati ya jamvi na jamvi, kumbe walikuwa na maneno ya kusemezana.

Ndipo nilipolitazama tangi. Kioo kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na maji. Hapakuwa na samaki. Uliobaki ni ule ukuta tu, mkavu, udongo mwekundu na mzizi na mwamba, na buibui ametanda kwenye tundu la kaa. Nikamgeukia mwalimu. Aliniangalia usoni, akatikisa kichwa kidogo, nisiseme. Kisha adhana ya adhuhuri ikasikika, akainuka kwa taabu, akachukua kofia, akaenda msikitini.

Nikabaki na bibi.

"Mwanangu, maji yana harufu yake. Tangu masika sijanusa kitu humu."

Nikasogea nikaketi kando yake.

"Najua hamna mto. Anakaa hapa kila siku ananitungia, na anatunga vibaya, samaki wake hawajui saa." Alikuwa anatabasamu, amenielekea kidogo pembeni ya nilipo. "Usimwambie mkwe."

Nikasema sitamwambia. Tukakaa. Nikamchemshia chai, tukazungumza habari za harusi, na mwalimu akarudi, akavua viatu, akaketi mahali pake kuelekea kile kioo kilichopasuka. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani kila nilipotoka chumba kile.

"Mkwe amesemaje?"

Nikamwambia hajasema kitu.